Haidroponiki ni nini, na kwa nini mboga za kwenye ndoo hugeuka manjano

Haidroponiki ni ukuzaji wa mimea bila udongo. Mizizi hukaa kwenye maji yaliyoyeyushiwa madini, au kwenye kitu kisicho na rutuba yake chenyewe kama kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mawe mepesi ya pumisi, na chakula chote cha mmea hutoka mkononi mwa mkulima. Mkazi wa Nairobi huenda ameshaiona bila kuijua jina: mabomba meupe yaliyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya paa la ghorofa, letasi zikichungulia kwenye matundu, au ndoo ya lita 20 kwenye balkoni yenye miche ya sukuma iliyoota kifunikoni.

Wengi huieleza kwa kifupi kuwa ni "kulima kwenye maji", na maelezo hayo ndiyo yanayowaponza wanaoanza. Maji ni sehemu ndogo ya habari. Udongo hufanya kazi kadhaa kimyakimya: huushika mmea usianguke, huweka akiba ya maji, huacha nafasi za hewa kati ya chembe zake ili mizizi ipumue, hushikilia madini na kuyaachia kidogo kidogo, na huzuia hali ya asidi isipande wala kushuka kwa ghafla. Ukiuondoa udongo, kazi hizo zote hukuhamia wewe. Shambani ukizidisha mbolea kidogo, udongo hukusitiri. Kwenye ndoo hakuna wa kukusitiri.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea kwenye maji ya maabara yenye chumvi walizozipima, wakaonyesha kwamba mmea hauhitaji udongo wenyewe bali madini yaliyomo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliutoa ujuzi huo maabara na kukuza nyanya kwenye mabeseni makubwa. Lakini mtu wa balkoni ya Umoja au Kasarani atafaidika zaidi na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye mbinu yake haitumii pampu wala stima.

Kwa maoni yangu anayeanza Nairobi aanze na hiyo. Mabomba yenye mkondo mwembamba wa maji hupendeza kwenye picha, ila pampu ikizimika mchana wa jua kali, mizizi iliyo ndani ya bomba huanza kukauka baada ya saa chache tu. Ndoo ya Kratky haijui kama stima imepotea.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unatafuta ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, iliyowahi kubeba chakula na wala si rangi au dawa. Kifuniko unakitoboa matundu manne, na katika kila tundu unaketisha kikopo cha yogati kilichotobolewa kwa msumari wa moto, kikiwa na kokopiti na mche wenye majani mawili matatu ya kweli. Unajaza maji yenye madini mpaka yaguse sehemu ya chini ya kikopo, kisha unaiacha. Letasi nne zitakunywa maji hayo hadi kuvunwa, wiki tano au sita hivi baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni.

Siri iko kwenye maji yanavyopungua. Kadiri yanavyoshuka, mizizi ya chini huyafuata, na ile ya juu inayobaki hewani hubadilika: hutoa vinyweleo vingi vyeupe, mithili ya pamba, na kazi yake sasa ni kuvuta oksijeni. Ukifunua kifuniko wiki ya tatu utaiona tofauti hiyo waziwazi, juu manyoya, chini nyuzi ndefu zinazoteleza. Anayeanza akiona ndoo imefika nusu huingiwa na hofu, anaijaza tena mpaka juu. Ile mizizi ya hewa haiwezi kurudi majini ikapumua. Inazama, na siku mbili baadaye mmea unanyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Ukilazimika kuongeza, kama kwa sukuma ambayo huvunwa kwa miezi na hunywa sana, ongeza kidogo na uache angalau nusu ya mizizi hewani. Na sukuma weka mmoja kwa ndoo, wawili wakizidi.

Maji yenyewe yanahitaji maneno machache. Ya mfereji, unapobahatika siku ya zamu yenu, yaache wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Ya mvua kutoka paa la mabati ni mazuri sana kwa sababu karibu hayana chumvi. Ya kisima kirefu, ambayo ndiyo yanayoletwa na bouza nyingi na kutumiwa na maghorofa mengi, mara nyingi yana bikaboneti, chumvi inayopinga asidi, na hiyo ndiyo inayofanya pH (kipimo cha asidi ya maji) irudi juu kila ukiishusha. Kama huna jingine, yachanganye na ya mvua.

Sasa mbolea, na hapa agroveti zetu huchanganya watu. Ukisema unataka mbolea ya maji, muuzaji atakuletea chupa ya mbolea ya kupulizia majani. "Mama, hii ukiweka kwa maji tu inatosha," atakuambia kwa nia njema kabisa. Haitoshi. Nyingi za aina hiyo hupata naitrojeni yake kutoka kwa urea, na urea kwa sehemu kubwa lazima kwanza ivunjwe na vijidudu vya udongoni, ambavyo kwenye ndoo yako ni haba. CAN nayo, mbolea ya kukuzia ambayo kila mkulima wa mahindi anaijua, ina chokaa ya kusagwa isiyoyeyuka vizuri na amoniamu ambayo ikizidi huumiza mizizi. DAP, ile ya kupandia, vivyo hivyo haifai. Unachotafuta ni vitu vitatu: kalsiamu naitreti (soma mfuko vizuri, si CAN), NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) inayoyeyuka yote na yenye madini madogo kama chuma, zinki, manganizi na boroni, na chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti.

Kwa letasi, kipimo kinachotumika sana ni gramu 12 za NPK ya aina ya 4-18-38 (namba hizo ni kiwango cha kila kimoja kati ya hayo matatu), gramu 12 za kalsiamu naitreti na gramu 6 za chumvi ya Epsom kwa ndoo ya lita 20. NPK yenye namba nyingine itadai hesabu nyingine, kwa hiyo usinakili tu. Miche michanga ipe nusu. Pima kwa mizani ndogo ya gramu, kijiko hudanganya.

Utaratibu wa kuchanganya nao una sababu. Yeyusha NPK kwanza kwenye maji yote ya ndoo, ikiisha kuyeyuka weka chumvi ya Epsom, na kalsiamu naitreti iwe ya mwisho kabisa. Ukizimimina zote pamoja kwenye kikombe cha maji, kalsiamu hukamatana na fosfeti na salfeti, na unapata tope jeupe kama chaki chini ya kikombe. Tope hilo ni chakula ulichokinunua ambacho hakuna mzizi utakaokila. Ndiyo maana maduka huuza mbolea hizi kwa chupa mbili, A na B, na kuonya zisikutane kabla ya kuingia kwenye maji mengi.

Kisha yanakuja matatizo. Jani likigeuka manjano, mkono wa kwanza wa karibu kila mtu hukimbilia mbolea, wakati kwenye ndoo njaa huwa si kwa sababu chakula kimekosekana. Mara nyingi chakula kipo, mzizi ndio umeshindwa kukila. Kwa hiyo anzia chini, si juu.

Funua uangalie mizizi. Iliyo na afya ni myeupe au ya rangi ya krimu. Ikiwa ya kahawia, usihukumu bado, kwa sababu mbolea zenye chuma huitia rangi. Ishike kwa vidole: ikiwa imara na haina harufu, ni rangi tu. Ikiteleza kama bamia na ganda lake likatoka ukabaki na uzi mwembamba, huo ni uozo, na kawaida huletwa na vimelea vya Pythium vinavyopenda maji ya vuguvugu yasiyo na hewa. Maji yakipita nyuzi 25 za selsiasi hali huwa mbaya haraka. Nairobi ina baridi ya kutosha kwa hilo, ila ndoo nyeusi iliyopigwa na jua la Februari juu ya saruji hupata moto kuliko hewa yenyewe. Pia mji huu uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa. Vitabu vya ng'ambo havikwambii hivyo. Paka ndoo rangi nyeusi kuzuia mwanga, halafu rangi nyeupe juu yake kuzuia joto, na uiinue kwenye tofali isikae juu ya saruji. Ile nyeusi ya ndani ina kazi ya pili: mwanga ukipenya, maji huwa kijani kwa mwani, na mwani hugombea madini na oksijeni na mmea wako. Matundu yasiyo na mche yazibe, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Mizizi ikiwa salama, pima pH. Mboga nyingi hupenda kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita 7, chuma huanza kujifunga na mmea hukikosa japo kimo ndani ya maji. Dalili yake ni ya kipekee: majani machanga ya juu kabisa hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo linganisha na mengine. Manjano yakianzia majani ya zamani chini na kuenea jani zima, ni naitrojeni. Yakianzia majani ya zamani lakini kati ya mishipa, shuku magnesiamu. Sababu ni kwamba naitrojeni na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha kutoka jani zee kwenda changa, chuma hauwezi. Kushusha pH tumia asidi ya fosforiki inayouzwa kwa kazi hiyo, tone kwa tone. Siki na ndimu hushusha kwa siku moja mbili kisha hupanda tena, na hulisha bakteria. Asidi ya betri usiisogeze karibu na chakula.

Halafu pima EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambayo ndiyo njia ya kujua chumvi ziko kiasi gani. Letasi huridhika kati ya 1.2 na 1.8 (kwa kipimo cha mS/cm), sukuma hufika 2 na kidogo. Mita za bei nafuu huonyesha ppm (sehemu kwa milioni) badala yake, na hapo kuna mtego: EC ya 1.4 ni 700 kwa mita moja na 980 kwa nyingine, kwa kuwa watengenezaji hutumia vizidisho viwili tofauti. Mkibishana na jirani kuhusu namba, kwanza muulizane mita.

Namba moja haikuambii mengi kama mwendo wake. Maji yanapungua huku EC ikipanda: mmea unakunywa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo unapoongeza ongeza maji matupu. EC inashuka: mmea una njaa kweli, na hapo ndipo mbolea inaruhusiwa. Mwezi wa Julai wingu likikaa wiki nzima, vyote viwili husimama karibu palepale. Mmea hauli kwa sababu hauna jua, na kuongeza chochote ni kuuchoma.

Kuna tatizo moja linalowashinda hata wenye mita nzuri. Ncha za majani ya katikati ya letasi hukauka na kuwa kahawia wakati majani ya nje yananawiri. Ni upungufu wa kalsiamu, lakini si ndani ya maji. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa juu jani linapopoteza unyevu, na majani ya katikati yaliyofungana hayapotezi unyevu wa kutosha, hasa balkoni ikiwa imezibwa kwa karatasi ya plastiki. Fungua upepo upite. Kalsiamu zaidi haitasaidia.

Wadudu mafuta na viwavi vya sukuma ni walewale wa shambani. Maji ya sabuni na macho ya kila asubuhi hutosha kwa ndoo chache.

Jua nalo lina kalenda yake. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo balkoni inayotazama kusini hupigwa na jua moja kwa moja kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, na inayotazama kaskazini hulipata miezi iliyobaki. Yako ikiwa kwenye zamu ya kivuli, au ghorofa la jirani limeota mita mbili mbele yako, miche itarefuka shingo na kulala. Panda dania au mchicha wa kuvunwa mdogo, au ngoja zamu yako. Nyanya usijaribu humo.

Ukivuna, maji yaliyobaki usiyamwage kwenye mtaro. Mwagia mchungwa au maua ya uani, yana mbolea bado. Sugua ndoo na vikopo kwa maji yenye dawa ya klorini, suuza mara mbili, anika juani, na kokopiti yenye mizizi iliyooza itupe.