Kodi kwa misingi ya uraia: maana yake kwa raia anayeishi ughaibuni

Nchi nyingi duniani, Tanzania na Kenya zikiwamo, humtoza mtu kodi ya mapato kwa kuangalia anaishi wapi na fedha zake zimepatikana wapi, si kwa kuangalia pasipoti yake. Kodi kwa misingi ya uraia humfuata mtu popote aendapo, hata kama hajakanyaga nchi yake kwa miaka 30. Marekani ndiyo nchi inayojulikana zaidi kwa utaratibu huu, pamoja na Eritrea, ambayo huwadai raia wake walio ughaibuni asilimia 2 ya mapato yao.

Huko Marekani mizizi yake inafika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1860. Mwaka 1924 raia mmoja aliyekuwa akiishi Mexico aliupinga utaratibu huo mahakamani akashindwa, kwa hoja kwamba serikali humnufaisha raia na mali yake popote walipo.

Wengi hudhani kwamba raia wa Marekani anayeishi nje hulipa kodi mara mbili, lakini mara nyingi sivyo. Kwa mwaka 2024 aliruhusiwa kuondoa hadi dola 126,500 za mapato ya kazi alizopata nje, au kupunguziwa kodi ya Marekani kwa kiasi ambacho tayari amelipa kwa nchi anamoishi. Msamaha wa kwanza haugusi mapato ya pango, riba wala pensheni, na haupatikani bila kuwasilisha ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Tena aliyejiajiri Nairobi au Dar es Salaam hubaki akidaiwa mchango wa hifadhi ya jamii wa Marekani, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba na Marekani wa kuzuia mchango huo usitozwe na pande zote mbili.

Kwa maoni yangu, mzigo mkubwa zaidi umo katika kutoa taarifa. Raia ambaye jumla ya akaunti zake za nje imezidi dola 10,000, hata kwa siku moja tu katika mwaka, lazima aziorodheshe kila mwaka, ijapokuwa hadaiwi hata senti. Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kwao mwaka 1990, hakujua wajibu huo, na serikali ikamdai faini ya dola milioni 2.72, ikihesabu kila akaunti kuwa kosa lake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kinachohesabiwa ni taarifa ya mwaka, si akaunti, na faini ikashuka hadi dola 50,000. Hizo bado ni fedha nyingi mno kwa fomu ambazo mtu hakujua kwamba zipo.

Tangu sheria ya mwaka 2010, benki za nje nazo hutakiwa kuwatambua wateja wenye uraia wa Marekani na kutoa taarifa zao, na baadhi ya benki za Ulaya zimeona ni nafuu kuwakataa kabisa.

Jambo hili linazigusa familia zetu pia. Mtoto aliyezaliwa Marekani wakati wazazi wake wakisoma huko ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa, hata kama alirudishwa Mwanza akiwa na miezi sita. Sheria ya Tanzania humtaka achague uraia mmoja anapofikia utu uzima, naye akichagua Utanzania anaweza kuamini kwamba mambo yamekwisha. Kwa upande wa kodi hayajaisha, kwani Marekani humhesabu kuwa raia wake mpaka atakapoukana uraia huo rasmi kwa taratibu za Marekani yenyewe, kwa kawaida mbele ya ofisa wa ubalozi wake. Pia lazima athibitishe kwamba ametimiza wajibu wake wa kodi kwa miaka 5 iliyotangulia. Asipofanya hivyo, huingizwa katika kundi la wanaotozwa kodi ya kuondoka, yaani kodi ya anayeukana uraia, kundi lililokusudiwa hasa kwa matajiri wenye mali ya dola milioni 2 na zaidi.