Mzinga wa kupigia nyambizi ni mzinga wa aina gani?

Mzinga wa vita ambao wengi wetu tumeuona kwa macho ni ule wa kale pale Fort Jesus, mtutu mrefu umeelekea baharini. Kazi yake ni kupeleka risasi mbali, kwenye chombo kinachoonekana. Mzinga wa kupigia nyambizi karibu kila kitu chake ni kinyume: ni mfupi, hautupi mbali, na adui wake yuko chini ya maji, haonekani.

Haja yake ilijulikana mapema katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 22 Septemba 1914 nyambizi moja ya Kijerumani, U-9, ilizamisha manowari tatu za Uingereza kwa muda usiofika saa mbili. Nyambizi ikiwa juu ya maji, mzinga wa kawaida unaiweza. Ikishazama, mzinga huohuo ni kelele tu.

Sababu anaijua mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kurusha kigae bapa majini: kinadunda, kinadunda tena, halafu kinapotelea mbali. Kombora lenye ncha, likipigwa kwa mshazari mdogo, hufanya vivyo hivyo. Linagusa maji na kuruka juu. Hata likiingia, maji ni mazito kuliko hewa mara mia nane hivi, kwa hiyo kasi yake inakufa upesi.

Mafundi walijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata kichwa cha kombora kiwe bapa ili lizame badala ya kudunda, na kulitia fyuzi (kiwasha mlipuko) inayochelewa ili lisilipuke juu juu. Ya pili ilikuwa kuufupisha mtutu na kuuinua, bomu zito lipande juu kisha liangukie maji kwa wima. Ndipo Waingereza wakafunga melini hawitza, yaani mizinga mifupi ya namna hiyo, za inchi 7.5.

Lakini kilichofanya kazi hasa ni pipa la baruti. Bomu la kina la Uingereza la aina ya D, lililoanza kutumika 1916, lilibeba kilo 136 hivi za kilipuzi cha TNT na kulipuka kwa kani ya maji likifika kina kilichopangwa. Mwanzoni liliviringishwa tu kutoka tezi, kwa hiyo lilianguka nyuma ya meli peke yake. Mwaka 1917 Wamarekani wakatengeneza mzinga wenye mitutu miwili iliyopanuka kama herufi Y, ukisimama katikati ya sitaha. Baruti ililipuliwa penye maungio, na mapipa mawili yakaruka kwa pamoja, moja kulia na jingine kushoto, kiasi cha mita 45 hivi. Pipa lenyewe halikuingia mtutuni. Lililala juu ya kitako chenye mpini, na mpini ndio uliochomekwa ndani. Mimi ningeuita teo kuliko mzinga.

Kasoro yake ni kwamba meli ilibidi ipite kwanza juu ya nyambizi. Dawa ilipatikana katika vita vya pili, silaha iliyopewa jina la kalunguyeye kwa sababu mabomu yake 24 yalisimama kama miiba. Yalirushwa mbele ya meli, na yalilipuka pale tu yalipogusa kitu.

Hata hivyo mzinga wa kawaida haukuacha kuitwa kazini. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa karibu na Maldives na nyambizi ya Kijapani I-27. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilitupa mabomu ya kina huku manusura wakiwa bado wanaelea hapohapo. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Petard ikaipiga kwa mizinga ya inchi 4, makombora yakaipata lakini hayakutoboa bodi yake ya ndani. Ilizama kwa topido, kombora linalokwenda ndani ya maji.