P2 haitoi mimba, na mimi nimechoka kulirudia hili

Alikuja Jumatatu saa tatu asubuhi, hata kaunta sijamaliza kuipangusa. Kajitanda kanga mpaka puani. Akamsubiri mzee wa dawa za presha aondoke, ndipo akainama: "Dada, naomba ile ya siku tatu." Yaani P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kinachomezwa ndani ya siku tatu baada ya tendo.

Nikamuuliza swali moja tu: lini? Ijumaa, saa nne usiku. Nikapiga hesabu. Saa 59.

"Mbona umechelewa hivi?"

Kumbe hakuchelewa. Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa ameshafika duka la dawa la kwanza, hapa hapa Ngamiani, Tanga mjini, akajibiwa kwa sauti mbele ya wateja: "Sisi hatuuzi dawa za kutoa mimba." Duka la pili akaambiwa imeisha, na aliyemjibu hata hakugeuka kuangalia rafu. Jumapili akajifungia ndani. Siku mbili nzima, saa 48, zimekwenda kwa sababu mtu aliyevaa koti jeupe hajui anachouza.

Dhana: P2 inatoa mimba.

Nimeisikia kwa wateja, kwa walimu, msikitini na kanisani, na huko kote navumilia. Nisichovumilia ni kuisikia kwa watu waliosomea dawa.

P2 ni levonorgestrel, miligramu 1.5. Huja kidonge kimoja, au viwili vya 0.75 ambavyo siku hizi humezwa vyote kwa mpigo. Ni homoni ile ile iliyomo kwenye vidonge vingi vya majira, ila imekusanywa kwenye dozi moja kubwa. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Watu wanadhani mimba inatungwa usiku ule ule wa tendo, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa mwilini mwa mwanamke mpaka siku tano, wakati yai likishatoka linaishi kama siku moja tu. Kwa hiyo mara nyingi mbegu zinafika na yai halipo. Zinangoja, kama abiria wa stendi ya Kange wanaongoja basi ambalo bado liko njiani. P2 inalishikilia lile basi huko huko Segera mpaka abiria wachoke, watawanyike. Ndiyo kazi yake yote.

Basi likishaingia stendi, kidonge hakina la kufanya. Hapa ndipo nawaomba wabishi watulie. Wanawake waliofuatiliwa kwa vipimo, ikaonekana wamemeza baada ya yai kutoka, walishika mimba kwa kiwango kile kile kinachotarajiwa kwa asiyemeza kitu. Ingekuwa dawa ya kutoa mimba, si hapo ndipo ingeonyesha makali yake? Na mjamzito akiimeza bila kujua hali yake, mimba inaendelea na mtoto hadhuriki. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo miaka yote. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, nayo ilibadilisha maelezo ya kidonge hiki, ikasema wazi kwamba hakitoi mimba.

Dawa inayohusishwa na kutoa mimba ni nyingine kabisa. Misoprostol, ambayo wodi ya wazazi huitumia kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ina boksi lake, rafu yake na masharti yake. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 mpaka 152, inashughulikia utoaji mimba, na muuzaji anayeogopa jela namwelewa. Lakini woga wa kifungu haumzuii mtu kukunjua karatasi iliyomo ndani ya boksi akaisoma. Ni dakika tano.

Halafu uongo huu unauma huku na huku. Kuna binti alinijia, hajaona siku zake miezi miwili, anataka boksi tatu za P2 kwa mkupuo. Shoga yake kamwambia ndizo zinazotoa. Nikamwambia, mwanangu, hizi pesa unazitupa baharini, kapime mkojo kwanza. Alikuwa mjamzito kweli. Angemeza zote tatu, angelala akiamini yameisha, na kliniki angekwenda tumbo limeshatokeza. Kwa hiyo muuzaji anayesema "inatoa mimba" anamfukuza anayestahili kuipata, na wakati huo huo anaitangaza kwa asiyeihitaji.

Sasa turudi kwenye saa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kidonge kikimezwa ndani ya saa 24 huzuia mimba 95 katika kila 100 ambazo zingetungwa. Kati ya saa 25 na 48, mimba 85. Kati ya saa 49 na 72, mimba 58. Jumamosi asubuhi yule dada alikuwa kwenye 95. Kwangu alifika akiwa kwenye 58. Nikampa maji, akameza pale pale nyuma ya pazia.

Ndiyo maana wanafunzi wa mazoezi wanaokuja kwangu nawachosha na jambo moja: muulize saa, usimuulize alikuwa na nani. Kama ameolewa, kama hajaolewa, kama mumewe yuko baharini, hayo hayabadilishi dozi. Yanayobadilisha ni haya. Akitapika ndani ya saa mbili, arudie. Akiwa kwenye dawa za TB zenye rifampicin, au za kifafa kama carbamazepine, kidonge kinapungua nguvu. Mwelekeze akawekewe kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa ndani ya siku tano ndicho cha uhakika kuliko vyote. Na chukua kalamu uandike saa ya kumeza juu ya boksi. Wananicheka kwa hili la kalamu. Wacheke tu.

Dhana nyingine nazipitia haraka, maana foleni ni ndefu.

Ukimeza P2 mara mbili maishani unakuwa tasa. Hapana. Ila ukiimeza kila wiki mzunguko utavurugika, utatokwa na damu bila mpangilio, na utakuwa unatumia njia dhaifu ya bei ghali wakati majira na sindano vipo.

Majira yanarundikana tumboni. Kidonge kinayeyuka, mama yangu. Ukiacha, uzazi unarudi. Kinachochelewa kurudi ni baada ya sindano ya miezi mitatu: kwa wastani inachukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Anayepanga mwana mwakani aambiwe hilo kabla hajachomwa, si baada.

Vile vidonge saba vya kahawia ndivyo vya kuzuia mimba, vyeupe ni vitamini. Kinyume chake kabisa. Vya kahawia ni vya kuongeza damu. Nimemkuta mtu anavimeza hivyo tu, pakiti baada ya pakiti, na anashangaa.

Kijiti kinapanda mpaka moyoni. Kinakaa mkononi chini ya ngozi, ukipapasa unakigusa.

Kunawa haraka na maji ya ndimu, au soda, kunazuia mimba. Sitajibu.

Mke lazima alete ruhusa ya mume. Hakuna mwongozo wa uzazi wa mpango nchini unaodai karatasi hiyo. Anayeidai kaitunga mwenyewe pale kaunta.

Nimebakiza moja inayonigusa nyumbani.

Dhana: Duka ni langu, nauza nitakacho, kama muuza vitumbua.

Kijana wangu wa kaunta ni mtoa dawa mzuri. Hesabu zake hazikosei, wazee wanampenda. Mwaka jana nikawa naona daftari linasema P2 ipo na wateja wanasema wameambiwa haipo. Siku moja natafuta bandeji, nikazikuta boksi zote kwenye droo ya chini, zimefunikwa.

"Mama," akaniambia bila kuinua macho, "mimi dhambi siiuzi."

Nilipandwa na hasira, halafu zikashuka, kwa sababu alikuwa mkweli. Imani yake ni yake. Tatizo ni kwamba alikuwa hakatai kwa niaba yake tu. Alikuwa anakataa kwa niaba ya duka zima, tena kwa uongo wa "imeisha".

Wenzetu wameshapelekana mahakamani kwa jambo hili. Ufaransa, mwezi Juni 1995, wafamasia wawili wa mji mdogo wa Salleboeuf waliwakatalia wanawake watatu vidonge vya uzazi wa mpango walivyoandikiwa na daktari. Wakatozwa faini, wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 2001 mahakama ikawajibu kwamba dawa hiyo ni halali na inapatikana famasi tu, kwa hiyo hawawezi kuibebesha jamii imani yao. Waidhihirishe kwa njia nyingine nje ya kazi. Marekani hakuna jibu moja. Yapo majimbo kama Mississippi na Arkansas yanayomlinda mfamasia anayekataa. Jimbo la Washington, kwa kanuni za mwaka 2007, lilichagua kati: mfamasia mmoja mmoja anaweza kukaa kando kama yupo mwenzake wa kuhudumia, lakini duka lenyewe lazima litoe dawa, na kwa wakati. Wenye maduka walipinga, na mwezi Juni 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa yao.

Mimi niko na Washington. Najua wapo wafamasia wenzangu hapa Tanga ambao hawatanisalimia nikisema hivi. Lakini fikirini umbali. Ngamiani ukikataliwa barabara ya nane unavuka ya tisa. Kijiji cha Mkinga chenye duka moja la dawa muhimu, mwenye duka akisema hapana, hapo ni nauli ya bodaboda, ni nusu siku, ni kumuaga mama mkwe, na saa zinakwenda. Leseni ya duka la dawa haikutolewa ili mtu achague wagonjwa. Ukiona dawa halali huwezi kuishika, mweke pembeni yako mtu anayeweza. Kama huna, biashara ni nyingi.

Kijana sikumfukuza. Tulikaa naye na ile karatasi ya ndani ya boksi, nikamchorea basi na Segera na stendi. Akasema ameelewa ila moyo bado mzito. Tukakubaliana: akija mtu wa P2, asiseme imeisha. Aseme "subiri kidogo dada", aniite.

Ikaenda hivyo miezi kadhaa. Juzi nilikuwa Muheza msibani, simu ikaita katikati ya kisomo. Nikatoka nje.

"Mama, kuna mtu anataka ile."

"Mimi niko mbali. Umemuuliza saa?"

Kimya. Nikamsikia anauliza, taratibu, siyo kwa sauti ya kaunta.

"Anasema jana, saa tano usiku."

"Basi bado mapema sana. Na maji yapo kwenye jokofu."

Hakunijibu. Nikasikia droo inavutwa, halafu akaniuliza kalamu niliiweka wapi.