Mchele, Feni na Simu Iliyoanguka Gatini

"Simu ikiingia maji, itie kwenye mchele." Mimi niliambiwa na watu wanne kabla hata sijatoka gatini. Nilikuwa nashuka Lamu kwenye boti la kutoka Mokowe, begi mkono mmoja, mwingine umeshika nguzo, simu ikachomoka mfuko wa shati, chubwi. Kijana mmoja akaipigia mbizi, akaibuka nayo ingali inawaka. Nilifurahi kweli. Nyumbani nikaifukia kwenye kibaba cha mchele siku mbili, kisha nikaitia chaji. Haikuwaka tena.

Kosa lilianzia kwenye ile furaha. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Simu inapoendelea kuwaka, umeme wa betri unapita mahali usipopaswa na kuanza kula madini ya ndani, saa baada ya saa. Mchele hauna la kufanya kwa chumvi. Hata unyevu wenyewe, upepo wa dirishani unaukausha vizuri tu, na maji yakishakwenda zake chumvi inabaki palepale. Fundi alipoifungua alinipa lenzi nitazame tundu la chaji: pini zimevaa ukoko wa kijani, kama chombo cha shaba kilichosahauliwa uani, na pembeni unga wa mchele umegandamana. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaandikia wateja wake wazi kwamba wasitie simu kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu.

Kilichotakiwa ni kuizima papo hapo, kutoa laini (na betri, kama ni ya kutoka), kutoigusisha chaja kabisa, na kuifikisha kwa fundi siku ileile aisafishe bodi kwa spiriti. Na nyinyi wenye simu "zisizoingia maji" msinicheke. Kipimo cha kuzuia maji kama IP68 hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, si ya bahari, na mpira unaoziba viungo huchakaa jinsi simu inavyozeeka. Mchele tuliupika. Mama hakukubali kibaba kizima kitupwe.

Ami yangu naye ana lake: betri lazima iishe mpaka simu ijizime, ndipo ichajiwe, la sivyo "inazoea nusu". Simlaumu. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tabia inayofanana na hiyo, na yeye amezitumia. Betri ni nyingine siku hizi, itikadi ni ileile. Betri ya lithiamu haipendi kufika sifuri. Ukiicheza kati ya asilimia 20 na 80 unairefushia umri. Kuiacha kwenye chaji usiku kucha hakuilipui, maana simu yenyewe hukata ikijaa. Adui mkubwa ni joto, na hapo Ami ndiye bingwa: simu anaiweka juu ya ubao wa mashua, jua la kaskazi saa saba mchana, halafu analalamika kuwa betri za siku hizi ni mbovu.

Joto limenikumbusha feni. Nyumbani kwetu huwashwa nusu saa kabla ya kulala, mlango umefungwa, "chumba kipoe". Feni haipozi chumba. Inapoza mtu, kwa kupeperusha jasho likauke haraka kwenye ngozi. Chumba kisicho na mtu hakina jasho, na mota ya feni inaongeza joto lake kidogo juu ya lililokuwepo. Nilitundika kipimajoto ukutani nikaonyesha watu wote: hakikushuka hata nukta. Sasa feni inazimwa, ila si kwa sababu ya kipimajoto changu. Tokeni za umeme zimeisha mara mbili mwezi huu.

Lakini feni hiyohiyo ina sifa isiyosemwa: mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo wa feni unamsumbua. Ni afadhali mara mia kuliko ile programu ambayo mpwa wangu ameipakua, inayotoa sauti nyembamba eti ya kufukuza mbu. Mwaka 2007 yalichapishwa mapitio ya majaribio 10 ya vifaa vya sauti vya namna hiyo. Hayakuona kwamba vinazuia kuumwa. Mbu jike anatufuata kwa pumzi, harufu na joto la mwili. Mpwa analala na simu ikilia, chandarua kimekunjwa juu ya kichwa chake, asubuhi anajikuna.

Hata paka wamezuliwa yao: wageni huambiwa kwamba paka wetu wa Lamu ni kizazi cha paka wa Firauni, ndiyo maana wana miguu mirefu na masikio makubwa. Ni hadithi nzuri kwa biashara. Paka wote wa kufugwa duniani, wa Lamu na wa London, asili yao ni aina moja ya paka mwitu, wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Karibu. Wa kwetu wamekondeana kwa kugombea vichwa vya samaki.

Mpwa wangu yule wa programu ya mbu, hata hivyo, alinishinda kwa jambo moja. Nilikuwa nimeapa kwamba bila bando ramani ya simu haijui ulipo. Kumbe simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu; yenyewe haizipelekei chochote, wala hailipi chochote. Bando ni la kupakua picha ya ramani, nayo alikwishaihifadhi nyumbani. Tulikuwa tukipita mlango wa Mkanda kuelekea Pate. Akazima data, akaniwekea simu mkononi. Kitone cha buluu kikaendelea kutambaa katikati ya mikoko, taratibu, sawia na boti letu. Niliishika kwa mikono yote miwili.