Si kila jicho kubwa ni la kungu

Huku Tanga kichanga akiwa na macho makubwa husifiwa hata kabla hajapewa jina. "Macho ya kungu haya!" Mimi ni daktari wa macho, na nimekuwa mharibifu wa sifa hizo. Nikionyeshwa picha kwenye simu nauliza kwanza: anaukimbia mwanga? Maana huenda ni glaukoma, presha ya macho, ya utotoni.

Alikuja mama mmoja kutoka Pangani na mwanawe wa miezi 5, kamfunika kanga gubigubi. Akifunuliwa tu, anafumba macho na kujificha kifuani, machozi yanamchuruzika na wala halii. Alishapewa matone ya kutibu macho mekundu mara mbili. Nikapima konea, kile kioo cha mbele: milimita 13, na ina ukungu. Kichanga huwa na kama 10. Za watu wazima wengi hazifiki 12. Yaani jicho la mtoto lilikuwa limempita mama yake.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote (si machozi) na kutokea kwenye kichujio kilicho pembeni mwa konea. Kwa watoto hawa kichujio hicho hakikukomaa tumboni, basi maji yanajaa. Babu mwenye presha ya macho humjui kwa kumtazama, maana jicho lake limeshakuwa gumu. La mtoto chini ya miaka 3 bado laini, linatanuka kama puto.

Matone ni ya kusubirisha tu. Tena dawa ya babu usimpe mjukuu: brimonidini inaweza kumlaza kichanga hadi pumzi ikakatika. Tiba ni upasuaji, kwa nusukaputi, nami wagonjwa hawa huwapeleka Moshi au Dar. Konea ikiwa safi, daktari hupitisha kisu chembamba ndani ya jicho na kukipasua kichujio kilichoziba. Hiyo ni goniotomi, aliyoieneza Otto Barkan wa Marekani miaka ya 1940. Kabla yake wengi wa watoto hawa waliishia upofuni. Konea ikiwa na ukungu, kichujio hufunguliwa kwa kupitia nje, ndiyo trabekulotomi. Ikishindikana hutobolewa njia mpya kabisa ya maji, na hapo adui ni kovu, kwani kidonda cha mtoto hufunga upesi mno. Ugonjwa ulioanza kati ya mwezi wa 3 na wa 12 hutii kisu kuliko ule wa kuzaliwa nao. Wengine hurudi mezani mara mbili, tatu.

Kila mama huniuliza, "Daktari, ataona?" Hayo ni maswali mawili: presha itashuka? Na jicho litaona? Presha ikishuka ukungu hupungua, mtoto anatoka juani bila kanga, nyumba nzima inafurahi, na kliniki hawaonekani tena. Hapo ndipo tunapopoteza macho mengi. Jicho lililotanuka halirudi lilivyokuwa: linaona karibu tu, na konea ina mipasuko inayopinda taswira. Likizidiwa na mwenzake, ubongo hulipuuza, na ukishazoea, miwani ya ukubwani haisaidii kitu. Kwa hiyo miwani mapema, na kiraka kwenye jicho lenye nguvu saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Mabibi hunikasirikia: miwani kwa mtoto wa mwaka mmoja! Na nyuzi za mshipa unaopeleka taswira kwenye ubongo, zikishakufa kwa presha, hazifufuki hata presha ikishuka vipi.

Wa Pangani sasa anatembea. Jicho la kulia linaokota punje ya mchele sakafuni. La kushoto linafuata mkono wangu, si zaidi. Kiraka, mama yake anasema, anakibandua na kuwatupia kuku.

Mara ya mwisho alikuja na mimba. Yeye na mumewe ni watoto wa ndugu, na wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hii, kila uzazi una nafasi 1 kati ya 4 ya kuirudia. Nikamwambia huyu atakayezaliwa amlete wiki ya kwanza.

"Hata macho yake yakiwa madogo, daktari?"

"Hata yakiwa madogo, mama."