Je, wajua kwa nini klabu iliyowalea Beatles ilifunguliwa kwa ajili ya jazi ya jadi?

Watalii wanaoshuka ngazi za klabu ya Cavern, katika barabara ya Mathew Street mjini Liverpool, huenda huko kwa sababu moja, nayo ni Beatles. Ni wachache wanaofahamu kwamba klabu hiyo ilipofunguliwa tarehe 16 Januari 1957, muziki wa magitaa ya umeme haukutakiwa humo hata kidogo. Mwanzilishi wake, Alan Sytner, kijana aliyekuwa amevuka umri wa miaka 20 tu, alikuwa ameitembelea klabu ya jazi ya Le Caveau de la Huchette jijini Paris na kutamani kuwa na ya namna hiyo nyumbani kwao. Alipata sehemu ya chini ya ardhi ya ghala la zamani, yenye matao ya matofali, ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walijifichia mabomu. Waliopewa heshima ya kutumbuiza usiku wa ufunguzi walikuwa Merseysippi Jazz Band, bendi ya wenyeji iliyounganisha jina la mto wao Mersey na ule wa Mississippi. Umati ulijaa hadi mamia ya watu wakabaki nje barabarani.

Ilikuwaje basi vijana wa mji wa bandari wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, wakasongamana kusikiliza muziki uliobuniwa na Wamarekani weusi wa New Orleans kabla wao wenyewe hawajazaliwa, na tena ukapigwa na Waingereza wenzao ambao wengi wao hawakuwahi kufika Marekani?

Kwanza tuelewane ni muziki gani unaozungumzwa. Msomaji aliyekulia na Morogoro Jazz, Western Jazz ya Dar es Salaam au OK Jazz ya Kinshasa atakuwa anafikiria dansi la magitaa lenye asili ya rumba, ilhali jazi ya jadi ni kitu kingine kabisa. Mbele husimama wapulizaji watatu: mwenye tarumbeta au koneti hubeba sauti kuu ya wimbo, mwenye klarineti huizungukia kwa juu, na mwenye tromboni hutembea chini akijaza mianya. Nyuma yao kuna banjo, besi au tuba, ngoma, na mara nyingi piano. Sifa yake kubwa ni kwamba wapulizaji hao watatu hubuni kwa pamoja, kila mmoja akijitungia njia yake papo hapo bila karatasi ya noti, na bado hawagongani, kwa sababu kila chombo kinaijua nafasi yake.

Uingereza iliujua muziki huu mapema. Original Dixieland Jazz Band, bendi ya wazungu kutoka New Orleans, ilifika London mwaka 1919 na kukaa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini mlango ulikuja kufungwa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kililalamika kwamba bendi za Marekani zilikuwa zikija kuvuna fedha London wakati bendi za Uingereza hazikaribishwi kule, na kuanzia mwaka 1935 Wizara ya Kazi ikaacha kuzipa bendi za Kimarekani vibali vya kufanya kazi. Hali hiyo ilidumu kwa takriban miaka 20. Mwaka 1949, mpiga klarineti na saksafoni mashuhuri Sidney Bechet alipotokea kama mtazamaji katika ukumbi mmoja wa London kisha akapandishwa jukwaani kupiga pamoja na bendi ya Mwingereza Humphrey Lyttelton, waandaaji walishitakiwa na kutozwa faini. Mlango haukufunguka hadi mwaka 1956, kwa makubaliano ya kubadilishana bendi kwa bendi: Stan Kenton aje Uingereza, Ted Heath aende Marekani. Mwezi Mei mwaka huo huo Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa New Orleans, naye alifika na bendi yake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha jibu. Kijana wa Kiingereza aliyeupenda muziki wa New Orleans katika miaka ya 1940 hakuwa na mahali pa kuwaona wenye muziki wao wakiupiga. Alichokuwa nacho ni santuri. Tangu mwaka 1933 kulikuwa na vilabu vya wasikilizaji katika miji mingi ya Uingereza, ambamo watu walikutana jioni, wakaweka santuri kwenye gramafoni, wakajadili nani anapuliza nini na kwa nini. Kusikiliza kukazaa hamu ya kupiga. Bila mwalimu wala chuo cha kuwafundisha, walirudisha sindano mwanzo wa santuri mara nyingi kadiri ilivyohitajika hadi vidole vikaelewa kile masikio yalichokwisha kusikia.

Kujifunza kwa njia hiyo kulikuwa na matokeo ya kuchekesha kidogo. Santuri za mwanzoni mwa miaka ya 1920, kama zile ambazo King Oliver, mpiga koneti wa New Orleans, na kijana wake Armstrong walirekodi mwaka 1923, zilitengenezwa kabla ya maikrofoni ya umeme kuanza kutumika. Wanamuziki walisimama mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti na kuitikisa sindano iliyochora nta. Ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu ingeweza kuirusha sindano hiyo, kwa hiyo mpiga ngoma alilazimika kujizuia na kugonga vipande vya mbao tu. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, hivyo wimbo ambao ukumbini ungechezwa robo saa ulikatwa ufupi. Baadhi ya waliojifunza kutokana na santuri hizo miaka 20 baadaye, ng'ambo ya bahari, walichukua yote waliyoyasikia, muziki pamoja na mapungufu ya mashine, wakaamini kwamba mbao zile ndizo zilizokuwa ladha halisi ya New Orleans. Ni sawa na mtu anayejifunza mapishi ya bibi yake kwa picha peke yake, akaiga hata sufuria iliyobonyea.

Bendi inayotajwa kuwa ya kwanza ya uamsho huo wa jazi ya jadi ni ya George Webb, mpiga piano aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Vickers kusini-mashariki mwa London. Wakati vita vikiendelea, bendi yake ilipiga katika baa ya Red Barn huko Barnehurst, mkoani Kent, na washabiki walitoka mbali kuifuata. Muundo ule ulienea nchi nzima: bendi ya watu wenye kazi nyingine mchana, chumba cha nyuma cha baa, usiku mmoja maalumu kila wiki. Wapo waliolichukulia jambo hili kama dini. Ken Colyer alijiunga na meli za biashara kwa nia ya kufika New Orleans, akaitoroka meli yake huko Mobile, Alabama, mwaka 1952, akawapata wazee aliowatafuta na kupiga nao, hatimaye akafungwa kwa kuzidisha muda wa kibali na kurudishwa kwao mwaka 1953. Alipokelewa kama mtu aliyetoka kuhiji, na maneno yake kuhusu namna sahihi ya kupiga yakawa na uzito ambao hakuna aliyeweza kuupinga kirahisi.

Eneo la Merseyside, yaani Liverpool na pande zake, liliingia katika habari hii likiwa na sababu zake. Liverpool ilikuwa bandari ya kuelekea Marekani, na mabaharia wake walirudi kutoka New York na nguo, vyombo na santuri ambazo maduka ya Uingereza hayakuwa nazo. Merseysippi ilianzishwa mwaka 1949 na vijana wa pande zote mbili za mto, na kwa kumfuata King Oliver ilikuwa na koneti mbili mbele badala ya moja, jambo ambalo bendi chache zilithubutu kwa kuwa wapulizaji wawili wa sauti moja wanahitaji kuelewana sana ili wasikanyagane. Mwimbaji George Melly, aliyekuja kuwa mmoja wa watu waliojulikana zaidi katika jazi ya Kiingereza kwa suti zake za kung'aa na mzaha wake usio na haya, alizaliwa Liverpool mwaka 1926. Hata mto wenyewe ulitumika: vivuko vilikodiwa jioni ili bendi zipige majini, kwa kuiga meli za starehe za Mississippi ambazo Armstrong alizifanyia kazi ujanani. Kwa upepo wa Mersey, ninawaonea huruma waliokaa juu ya sitaha.

Kwa hiyo Sytner alipofungua Cavern hakuwa akifufua kitu cha wazee, bali alikuwa akiuza muziki wa vijana uliokuwa ukipendwa wakati ule. Pombe haikuuzwa humo, na hilo liliwawezesha hata wenye umri mdogo kuingia. Lakini jazi ya jadi ilikuwa imembeba mgongoni yule atakayeifukuza. Kupuliza tarumbeta kwa saa nzima huchosha midomo, na bendi zilikuwa na desturi ya kuwapumzisha wapulizaji huku wawili watatu wakishika gitaa, besi na ubao wa kufulia nguo uliosuguliwa kama ala, wakaimba nyimbo za Wamarekani wa kawaida. Muziki huo wa mapumziko uliitwa skifli. Mwaka 1954 Lonnie Donegan, mpiga banjo wa bendi ya Chris Barber, alirekodi wimbo mmoja wa aina hiyo wakati wa kikao cha kurekodi cha bendi. Ulipotolewa peke yake mwishoni mwa mwaka 1955, ulipendwa kila mahali. Maelfu ya vijana waligundua kwamba gitaa la bei nafuu na kodi tatu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, vinatosha kuunda kundi. John Lennon, aliyekuja kuwa mmoja wa Beatles, alikuwa miongoni mwao, na kundi lake la Quarrymen lilipata nafasi Cavern mwezi Agosti 1957 kama kundi la skifli. Inasimuliwa kwamba alipoanza kuingiza nyimbo za roki, Sytner alimpelekea karatasi ya kumwamuru aache.

Wapenzi wa jazi hawakuachia ngazi kwa hiari. Mwezi Januari 1960 kundi la Rory Storm, ambalo mpiga ngoma wake alikuwa Ringo Starr aliyekuja kujiunga na Beatles, lilipiga roki Cavern mbele ya hadhira iliyokuja kwa ajili ya jazi, likarushiwa sarafu za shaba. Lakini Ray McFall, aliyeinunua klabu mwaka 1959 na kufungua kipindi chake kwa kumleta Acker Bilk, mpiga klarineti wa jazi ya jadi, na bendi yake, alikuwa mfanyabiashara anayeona foleni inaelekea wapi. Mwezi Mei 1960 aliruhusu usiku wa kwanza wa makundi ya magitaa. Tarehe 9 Februari 1961 Beatles wakapiga humo kwa jina hilo kwa mara ya kwanza. Na tarehe 25 Agosti mwaka huo, juu ya kivuko cha Royal Iris kilichozunguka mtoni, walikuwa watangulizi wa Bilk huyo huyo. Miaka miwili baadaye hakuna ambaye angewapanga hivyo.

Kufikia mwaka 1963 jazi ya jadi ilikuwa imetoka katika orodha za nyimbo zinazouzwa, na hapo ndipo ule mwanzo wake wa santuri na vyumba vya nyuma ulipoisaidia. Muziki uliotegemea kampuni za kurekodi ungekufa pamoja na soko lake. Huu ulirudi ulikotoka, kwenye baa na kumbi za jumuiya, kwa watu ambao tangu awali mshahara wao ulitoka kwingine: walimu, mafundi, makarani wa bima. Kisha kuna suala la namna muziki wenyewe ulivyopangika. Kwa kuwa nyimbo zinazopigwa ni mamia kadhaa zinazojulikana na wote, na kila wimbo una kodi zake na ufunguo (kiwango cha sauti) uliozoeleka, mpiga tromboni wa Chester akiugua, mwenzake wa Manchester huweza kuchukua nafasi yake usiku ule ule bila mazoezi. Wakipeana wimbo kwa jina na ufunguo, wanaanza. Ndiyo maana bendi moja inaweza kudumu miongo mingi ingawa waanzilishi wake wote wameshaondoka.

Sheria nayo ina sehemu yake, ingawa huzungumzwa mara chache. Kwa miaka mingi baa isiyo na leseni ya burudani iliruhusiwa kuwa na wanamuziki wawili tu, kanuni ambayo mwimbaji na mpiga gitaa wake waliimudu lakini bendi ya watu sita haikuweza. Sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005, ilifuta msamaha huo na kuzitaka baa zote ziombe ruhusa hata kwa muziki mdogo, jambo lililozua malalamiko mengi. Ahueni ilikuja na sheria ya mwaka 2012, iliyoruhusu muziki wa moja kwa moja kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku katika baa zenye leseni ya pombe, mradi wasikilizaji wasizidi 200. Mwaka 2015 kiwango hicho kikapandishwa hadi 500. Bendi ya jazi ya jadi, inayopiga kwa watu 40 au 60, ilinufaika moja kwa moja.

Tishio lililobaki ni umri. Wengi wa wasikilizaji ni wale waliokuwa vijana enzi ya Cavern ya kwanza, na ndiyo sababu vikao vingi sasa hufanyika mchana, kwa kuwa wazee hawapendi kuendesha gari usiku. Kozi za jazi vyuoni huelekea zaidi jazi ya kisasa, kwa hiyo kijana anayetaka kupiga kwa mtindo wa mwaka 1923 bado hujifunza kama walivyojifunza waliomtangulia, kwa kusikiliza rekodi na kisha kuomba kukaa na bendi ya wakubwa kwa nyimbo mbili tatu. Vijana wa namna hiyo wapo, wengi wao wakivutiwa na wachezaji wa dansi za zamani, na katika matamasha kama la Upton-upon-Severn, mkoani Worcestershire, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1980, huonekana wakipuliza bega kwa bega na watu wenye umri wa babu zao.