Jamhuri ya ndizi ni nchi ya namna gani?

Ukifuatilia siasa za Kenya, neno hili halikupiti mbali. Uchaguzi ukileta utata, au amri ya mahakama ikipuuzwa, mtu atashika kipaza sauti na kufoka: hii si jamhuri ya ndizi! Anachomaanisha ni kwamba hii si nchi ya hovyo, ambako mkubwa huamka asubuhi na kuamua apendavyo. Maana hiyo imeshazoeleka na sina uwezo wa kuizuia. Ila jina lilipozaliwa lilikuwa na maana finyu zaidi, na kwangu mimi nzito zaidi: lilihusu nani anamiliki njia ya kutoka shambani hadi melini.

Aliyelitunga alikuwa mtoro. William Sydney Porter, Mmarekani aliyefanya kazi ya ukarani wa benki huko Austin, Texas, alishtakiwa kwa fedha zilizopotea, na mwaka 1896 akakimbilia Honduras, Amerika ya Kati. Akajificha huko miezi kadhaa, akarejea kwa sababu mkewe alikuwa mahututi, akafungwa. Alipotoka gerezani aliandika kwa jina la O. Henry, na mwaka 1904 akatoa kitabu cha visa vya nchi ya kubuni iitwayo Anchuria, jamhuri ndogo ya ndizi iliyo pwani. Kihispania kikalipokea jina hilo kama república bananera, na Wabrazili nao wana república das bananas yao.

Kwa maana ya asili, basi, jamhuri ya ndizi ni nchi inayoishi kwa zao moja la kuuza nje, na mnunuzi wa zao hilo ndiye huyohuyo mwenye shamba, mwenye reli, mwenye gati na mwenye meli. Rais yupo, bunge lipo, bendera inapepea. Lakini waziri akitaka kuongeza ushuru, kwanza anauliza kampuni itasemaje.

Kwa nini ndizi, na si kahawa? Kahawa ikikauka inakaa. Bei ikiwa mbaya unaacha magunia ghalani na kusubiri. Ndizi haikupi nafasi hiyo. Hukatwa ikiwa bado mbichi, na panga likishapita kwenye mkungu, siku zinaanza kuhesabiwa: iteremshwe kwenye behewa, ifike bandarini, ipakiwe, isafiri kwenye ubaridi, na iive ikishafika kwa mlaji wala si baharini. United Fruit, kampuni ya ndizi ya Kimarekani, ilipaka meli zake rangi nyeupe ili zisichomwe sana na jua. Mkulima mdogo aliyenyimwa behewa juma moja alibaki na lundo la ndizi zinazooza. Hapo atabishania bei na nani?

Mambo yenyewe yalianza na reli. Costa Rica ilitaka kuunganisha San José na bandari ya Limón ili isafirishe kahawa yake. Ujenzi ulianza 1871, fedha zikakauka, na homa zikaua vibarua kwa wingi. Mkandarasi Minor Keith, Mmarekani, akapanda migomba kandokando ya njia. Abiria hawakutosha kuilipia reli, ndizi zikailipia. Kwa mkataba wa 1884 serikali ilimpa ekari 800,000 na haki ya kuendesha reli kwa miaka 99, naye amalize ujenzi na kushughulikia madeni ya nchi kule London. Mwaka 1899 biashara yake iliungana na kampuni ya Boston, ndiyo ikazaliwa United Fruit. Guatemala, kampuni hiyo ilikuja kushika karibu reli yote pamoja na bandari ya Puerto Barrios. Wenyeji waliibatiza El Pulpo, yaani Pweza. Aliyewahi kumng'oa pweza mwambani haitaji maelezo zaidi: unabandua mkono mmoja, saba imeshika.

Honduras ndiyo iliyofanana zaidi na kitabu cha O. Henry. Mwaka 1911 serikali ya Rais Miguel Dávila, iliyolemewa na madeni ya reli ya zamani, ilikuwa ikikubaliana na Washington kwamba mabenki ya Marekani yasimamie makusanyo ya forodha. Samuel Zemurray, mhamiaji aliyeanza maisha kwa kuuza ndizi zilizoiva kupita kiasi huko Mobile, Alabama, alikuwa ameshanunua ardhi Honduras na hakutaka kulipa ushuru wa vifaa vyake. Akamfadhili rais wa zamani, Manuel Bonilla, aliyekuwa uhamishoni New Orleans. Bonilla akapanda meli iitwayo Hornet pamoja na mamluki mmoja, Lee Christmas, bunduki za kutosha na watu wachache. Dávila akaangushwa, Bonilla akarudi ikulu, Zemurray akapata ardhi na misamaha ya kodi. Reli za ndizi ziliendelea kunyooka kuelekea baharini. Tegucigalpa, mji mkuu, haijawahi kufikiwa na treni.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Guatemala. Mwaka 1952 Rais Jacobo Árbenz alipitisha sheria ya kugawa mashamba makubwa yasiyolimwa kwa wakulima wasio na ardhi, na United Fruit ilikuwa na ardhi tele iliyolala. Serikali ikaahidi fidia kwa thamani ambayo wenye ardhi wenyewe walikuwa wameijaza kwenye fomu za kodi. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa imeandika thamani ndogo ili ilipe kidogo, kwa hiyo fidia ikatoka dola milioni 1.2 hivi. Washington ikadai karibu milioni 16 kwa niaba ya kampuni. Nikifika hapa huwa nacheka kabla sijakumbuka kilichofuata. Juni 1954, kikosi kilichoandaliwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kikaingia kutoka Honduras, na Árbenz akajiuzulu. Wanahistoria bado wanabishana kama hofu ya ukomunisti ilikuwa na uzito kuliko ndizi. Ninachojua ni kwamba John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, alitoka kwenye ofisi ya mawakili iliyowahi kuihudumia kampuni hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1960 na kwisha 1996 viliacha watu zaidi ya 200,000 wameuawa au kupotezwa.

Miaka 20 baada ya Árbenz kuangushwa, nchi za ndizi zilijaribu kuiga wenzao wa mafuta kwa kutoza kodi kila katoni. Honduras ikatangaza senti 50, kisha ikashuka hadi 25. Mwaka 1975 ikafichuka kwamba kampuni, iliyokuwa ikiitwa United Brands, ilikuwa imelipa hongo ya dola milioni 1.25 ili kodi ipungue. Mkuu wa nchi, Oswaldo López Arellano, akaondolewa madarakani. Kampuni nayo baadaye ikabadili jina tena, na leo ni Chiquita, ile yenye kibandiko cha bluu.

Ndiyo maana kuiita Uganda au Kagera kwa jina hili, kama watani wanavyofanya, ni kukosea. Migomba imejaa, lakini ndizi inaliwa nyumbani. Inayobaki inapanda baiskeli au pikapu kwenda sokoni, na hakuna kampuni moja inayoweza kuamuru mkungu usitoke Bukoba.

Kwa upande mwingine, kuna nchi iliyotimiza sharti hili la kampuni moja kushika uchumi, bila mgomba wowote. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wa Kongo, mwanasiasa Moïse Tshombe alitangaza kulitenga jimbo la Katanga. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, yenye migodi ya shaba, iliacha kupeleka kodi Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kuzilipa kwa serikali mpya ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Dola ya Katanga ilikuwa na bendera, noti na jeshi lenye mamluki wa Kizungu, na ilidumu hadi Januari 1963.